Je, Arusha Ilikuwa Bure?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kusema neno juu ya jambo lililotugawanya sisi wanafunzi wa bweni tangu mdahalo wa Jumamosi ile katika bwalo. Waliokuwapo watakumbuka hoja ilivyosomwa na mwenyekiti: "Mazungumzo ya amani ni kupoteza wakati." Mimi nilikuwa miongoni mwa wasemaji wa upande wa kupinga. Tulishindwa, tena tulishindwa vibaya. Mikono iliyoinuliwa upande wetu ilihesabiwa ikaisha kabla mwenyekiti hajafika meza za nyuma. Siandiki kwa sababu ya uchungu wa kushindwa, ingawa uchungu upo na sikatai. Naandika kwa kuwa hoja iliyotushinda haikuwa kweli, na sisi tulioipinga hatukujua kwa nini haikuwa kweli.

Msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono alisema hivi kwa kifupi. Waisraeli na Wapalestina wamekuwa wakizungumza tangu sisi hatujazaliwa. Wamepeana mikono mbele ya wapiga picha. Viongozi wao watatu, Yitzhak Rabin, Shimon Peres na Yasser Arafat, wakapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1994. Na leo tazameni Gaza. Kisha akatugeukia akasema: Na hapa kwetu Arusha je? Wanyarwanda walitia sahihi mwezi wa Agosti 1993, na mwaka haujatimia wakachinjana. Bwalo zima likapiga makofi na kugonga sahani. Mimi niliyemfuata nilikuwa na hotuba nzuri ya kusifu: Tanzania kisiwa cha amani, Mwalimu Nyerere mpatanishi wa Afrika, na mengine ya namna hiyo ambayo husemwa kila siku ya sherehe. Ilikuwa hotuba tupu kama debe. Katika wasemaji wote sita wa siku ile hapakuwa na hata mmoja aliyejua ni nini hasa kiliandikwa katika karatasi zile zilizotiwa sahihi.

Tangu siku ile nimezitafuta habari hizo, kwa msaada wa mwalimu wetu wa Historia, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kilichonishangaza kwanza ni tarehe. Mapatano ya Rwanda yalitiwa sahihi Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Mapatano ya Waisraeli na Wapalestina, yanayoitwa ya Oslo kwa kuwa mashauri yake yalifanywa kwa siri katika nchi ya Norway, yalitiwa sahihi Washington tarehe 13 Septemba 1993. Hesabu mwenyewe: ni siku arobaini tu. Miaka saba baadaye jambo kama hilo likatokea tena. Mwezi wa Julai 2000 Rais Bill Clinton wa Marekani alikaa na Ehud Barak wa Israel na Yasser Arafat huko Camp David kwa muda wa wiki mbili, wakatoka mikono mitupu. Tarehe 28 Agosti mwaka ule ule, Clinton huyo huyo alikuwa Arusha pamoja na Nelson Mandela kushuhudia mapatano ya Burundi yakitiwa sahihi. Basi tunayo mashauri manne, mawili ya kule na mawili ya huku, yaliyokwenda sambamba kama maksai wa plau moja. Matatu yakaanguka. Shauri moja halikuanguka, au tuseme liliinama lisivunjike. Mimi naona kwamba mwanafunzi hana haki ya kusema "mazungumzo ni bure" kabla hajajiuliza kwa nini hilo moja lilisimama.

Nianze na Oslo. Ugomvi wenyewe kila mtu anaujua juu juu, nami sitaurudia wote. Tarehe 29 Novemba 1947 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kuigawa Palestina iwe nchi mbili, moja ya Wayahudi na moja ya Waarabu. Viongozi wa Wayahudi walikubali. Waarabu walikataa, kwa kuwa waliona nchi yao inakatwa bila ya ridhaa yao. Vita vya 1948 vikazaa wakimbizi wa Kipalestina kama 700,000. Vita vya 1967 vikatia mikononi mwa Israel Gaza, Ukingo wa Magharibi na Yerusalemu ya Mashariki. Wayahudi nao hawakuja pale kwa matembezi. Wengi waliofika miaka ile walikuwa masalio ya watu milioni 6 waliouawa Ulaya, na wengine walikimbia au kufukuzwa katika nchi za Kiarabu. Kila upande una makaburi yake.

Mwaka 1993 huko Norway watu wachache wa pande zote mbili walifanya jambo kubwa. Kutokana na mashauri yao PLO ilikubali kwamba Israel ina haki ya kuwako, na Israel ikaikubali PLO kuwa msemaji wa Wapalestina. Hilo si dogo, na anayelicheka hajui zamani ilikuwaje. Walakini walipofika penye mambo magumu, yaani mipaka, Yerusalemu, wakimbizi na vijiji vya walowezi, waliandika kwamba hayo yatazungumzwa baadaye, katika kipindi cha miaka mitano. Wala katika karatasi ile hapakuandikwa mahali popote kwamba mwisho wa safari ni dola ya Wapalestina.

Wazazi wetu wa Bariadi na Itilima wataelewa hapa upesi kuliko sisi. Huku kwetu mpaka wa shamba hupandwa katani, ili mtu asije akasema kesho kwamba hakuuona. Wakigombana majirani wawili, wazee huitwa wakaenda shambani wenyewe kwa miguu yao. Nimemsikia babu yangu akisema kwamba mzee asiyefaa kuitwa ni yule anayewaambia wagomvi, "Salimianeni kwanza, mpaka tutauweka baada ya mavuno." Kwa maana baina ya leo na mavuno yuko mmoja mwenye maksai sita na mwingine mwenye jembe la mkono, na mwenye maksai hatangoja mavuno ndipo alime. Ndivyo ilivyokuwa kule. Mwaka 1993 walowezi wa Kiyahudi katika Ukingo wa Magharibi, bila kuhesabu Yerusalemu ya Mashariki, walikuwa kama 110,000. Mwaka 2000 walikuwa wanakaribia 200,000. Mpaka ulikuwa unangojwa, na huku shamba linalimwa.

Upande wa pili, watu wa Hamas, ambao hawakuyataka mapatano yale hata kidogo, walilipua mabasi yenye raia ndani, na kila basi lililolipuka lilimpa nguvu yule Mwisraeli aliyesema hakuna wa kuzungumza naye. Tarehe 25 Februari 1994 mlowezi mmoja wa Kiyahudi aliwapiga risasi Waislamu 29 wakiwa katika sala huko Hebron. Tarehe 4 Novemba 1995 Rabin mwenyewe aliuawa, wala hakuuawa na Mpalestina, bali na kijana wa Kiyahudi aliyeona kwamba waziri mkuu wake ameiuza nchi. Kwa hiyo mtu akiniambia Oslo ilishindwa kwa sababu watu walizungumza, mimi namjibu kwamba walizungumza pembezoni mwa jambo, na jambo lenyewe wakaliwekea kesho.

Ugomvi huo si wa mbali nasi kama tunavyodhani tukiutazama katika televisheni ya bwalo huku tunakula ugali na maharage. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas walipovuka mpaka na kuua watu kama 1,200, na kuwachukua mateka wengine kama 250, walikuwamo vijana wawili Watanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Wote wawili walikufa. Mwili wa mmoja ulirudishwa nyumbani mwaka ule ule. Wa pili ulikaa Gaza miaka miwili, ukarudishwa Novemba 2025. Katika miaka hiyo miwili Wapalestina zaidi ya 60,000 waliuawa Gaza kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya huko, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Vijana wale wawili walikwenda kusomea ukulima. Katika mkoa wetu wa pamba na mahindi ni nani asiyetaka mwanawe akasomee ukulima?

Sasa nije Arusha ya 1993, ambapo ndipo mpinzani wangu alipotuumiza zaidi. Mapatano ya Rwanda hayakuwa na kosa la Oslo. Msuluhishi alikuwa Serikali yetu wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, na kazi ilichukua zaidi ya mwaka mmoja tangu Julai 1992. Waliandika habari ya serikali ya pamoja, habari ya kurudi kwa wakimbizi waliokimbia tangu 1959, hata hesabu ya askari: asilimia 60 watoke jeshi la serikali na 40 watoke RPF, na maofisa nusu kwa nusu. Hakuna lililowekewa kesho. Mbona basi yakafa?

Mimi naona yalikufa kwa sababu karatasi ilikuwa nzuri kuliko walinzi wake. Wale waliojua kwamba yakitimizwa watapoteza vyeo na jeshi walikuwa bado wana vyeo na jeshi. Chama cha CDR, kilichowachukia Watutsi waziwazi, kiliachwa nje. Sisemi kwamba kingepewa kiti kingetulia, la, lakini kuachwa nje hakukukinyang'anya hata bunduki moja. Mwezi wa Julai 1993, mapatano yakiwa karibu kutiwa sahihi, redio ya RTLM ilianza kusema hewani. Yaani Arusha walikuwa wanaandika, na Kigali redio ilikuwa inafuta. Tarehe 6 Aprili 1994 Rais Juvénal Habyarimana, pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, walikuwa wanarudi kutoka mkutanoni Dar es Salaam, na ndege yao ikatunguliwa Kigali. Katika siku kama mia moja Watutsi, na Wahutu waliokataa mauaji, waliuawa zaidi ya 800,000 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Na Umoja huo wa Mataifa, ambao ulikuwa na askari huko kwa ajili ya kuyalinda mapatano, tarehe 21 Aprili uliamua kuwapunguza wabaki 270. Katika habari zote nilizosoma hakuna iliyonitia hasira kama hiyo. Mlinzi aliona mwizi anavunja mlango, akaenda zake nyumbani.

Wazazi waliokuwa Kagera mwaka ule wanakumbuka tarehe 28 na 29 Aprili, watu kama 250,000 walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara. Mahakama ya kuwahukumu wakubwa wa mauaji yale iliwekwa papo hapo Arusha, ikafanya kazi hadi mwisho wa mwaka 2015. Mji ule ule ulioandika amani ukaja kuandika hukumu.

Basi mpinzani wangu alikuwa na haki nusu. Alipokosea ni kuishia hapo, kana kwamba Arusha ilikuwa moja.

Burundi ilikuwa na sababu zote za kuwa Rwanda ya pili. Prince Louis Rwagasore aliuawa Oktoba 1961, kabla ya uhuru. Mwaka 1972 yakatokea mauaji makubwa ya Wahutu, na wengi wakakimbilia kwetu. Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuwa rais kwa kura, alichaguliwa Juni 1993, akauawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba, asimalize hata miezi minne kitini. Watutsi wengi wakauawa kwa kisasi, jeshi likalipiza, nchi ikaingia vitani. Watu wapatao 300,000 wanakisiwa kufa katika vita hivyo.

Mwaka 1996 Mwalimu Nyerere aliwakutanisha vyama vikuu vya Burundi hapo Mwanza. Haikufaa. Mwezi wa Julai mwaka huo Meja Pierre Buyoya akapindua serikali, na nchi jirani zikaifungia Burundi biashara hadi Januari 1999. Tarehe 15 Juni 1998 mashauri yakafunguliwa Arusha, na mwisho wake wajumbe walikuwa wa makundi kumi na tisa: serikali, Bunge na vyama 17. Ninyi mlio katika kamati ya chakula mnajua ilivyo kazi kupatanisha mabweni manne juu ya siku ya wali. Fikirini makundi 19 yenye damu baina yao. Mwalimu alikuwa na miaka 76 alipoanza kazi ile, akaifanya hadi ugonjwa ulipomchukua. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, mashauri hayajesha. Mandela akaushika mzigo.

Jambo moja walilolifanya Arusha ambalo Oslo halikufanywa, na ambalo mimi kama mpenda Historia limenivutia kuliko yote, ni hili. Kabla ya kugawana chochote, kamati ya kwanza ilipewa kazi ya kukubaliana ugomvi wenyewe ni nini na ulitoka wapi. Wahutu na Watutsi walioogopana waliketi meza moja kuandika historia ya nchi yao. Hayo ndiyo yaliyomo katika Itifaki ya Kwanza. Waliandika kwamba mgogoro wao asili yake ni wa kisiasa, wenye sura kubwa ya kikabila, na kwamba ulitokana na wanasiasa kupigania kuingia katika utawala au kubaki ndani yake. Someni maneno hayo polepole. Wanasiasa walitia sahihi karatasi inayosema kwamba chanzo cha msiba ni wanasiasa! Sijui nchi nyingine iliyofanya hivyo.

Kisha wakahesabu. Katika majeshi, kabila moja lisizidi nusu, ili asiwepo wa kuogopa kwamba bunduki zote ziko upande wa pili. Katika Katiba ya 2005, iliyojengwa juu ya mapatano hayo na kupitishwa kwa kura ya wananchi, Bunge likawa asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, na Watwa watatu. Seneti ikawa nusu kwa nusu. Na wanawake wasipungue asilimia 30. Wapo wanaosema hii si demokrasia, kwa kuwa Watutsi hukisiwa kuwa kama asilimia 14 tu ya watu wote. Hoja hiyo ina uzito. Walakini naona waliofanya hesabu ile hawakuwa wanahesabu vichwa, walikuwa wanahesabu hofu. Mtu aliyeona ndugu zake wakichinjwa hawezi kulala kwa kuambiwa kwamba kura ni sawa kwa wote.

Sikusudii kuwadanganya kwamba tarehe 28 Agosti 2000 vita vilikwisha. Siku hiyo baadhi ya vyama vya Watutsi vilikataa kutia sahihi, vikatia baadaye. Baya zaidi, makundi mawili yenye bunduki nyingi porini, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hayakuwa mezani. Kosa lile lile la kuacha watu nje! Lakini safari hii kosa lilirudiwa na kusahihishwa. Buyoya alitawala miezi 18 ya kipindi cha mpito tangu Novemba 2001, kisha akampisha Domitien Ndayizeye, Mhutu, kama ilivyokubaliwa. CNDD-FDD wakaja mezani, wakapatana na serikali mwaka 2003. Mwaka 2006 FNL nao wakatia sahihi Dar es Salaam, na hata baada ya hapo wakasumbua kwa miaka mingine. Kila aliyebaki nje alifuatwa nje. Ilikuwa kazi ya kuchosha, bila wapiga picha, na nadhani ndiyo maana haisimuliwi katika hotuba zetu.

Na sasa nifike kwa jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu.

Katika bweni letu yumo kijana ambaye sitamtaja jina. Baba yake ni fundi katika kiwanda cha kuchambua pamba, na amezaliwa Ulyankulu, mkoa wa Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Familia yao ilipata uraia wa Tanzania pamoja na wale zaidi ya 160,000 waliokubaliwa na Serikali yetu. Yeye ni Mtanzania kama mimi. Kisukuma anakisema kuliko wengi wenu. Sisi tulimwita "Mrundi" tangu Kidato cha Kwanza, na pengine "mkimbizi," hasa zamu yake ya kuchota maji ilipofika na tukataka achukue na zamu zetu. Nami nilimwita hivyo. Nilikuwa nikisifu bwaloni ukarimu wa Tanzania, na ndoo yangu ilikuwa imechotwa na yeye asubuhi ile.

Usiku baada ya mdahalo alikuja kitandani kwangu akasema, "Hotuba yako ilikuwa na Mwalimu Nyerere mara nne. Babu yangu hakuwamo hata mara moja." Kisha akanieleza. Babu yake alikimbia kutoka Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, akaacha shamba la michikichi. Babu mwenyewe alikubali uraia akabaki. Ndugu yake mdogo akarudi mwaka 2009, baada ya miaka 37. Alikuta shamba lina watu. Si wezi, walipewa na serikali ya zamani, wamezaa humo, wamezika humo. Itifaki ya Nne ya Arusha iliyajua hayo kabla hayajatokea. Ilisema mkimbizi ana haki ya kurudi na kupata mali yake, na isipowezekana alipwe fidia ya haki, na ikaamuru iwepo tume ya kuamua mashauri ya ardhi. Tume ile iliwashauri wagawane, na ndugu yake babu akagawana na wale aliowakuta, mchikichi kwa mchikichi. Miaka michache baadaye tume ilibadili mwendo, ikaanza kuwarudishia waliokimbia shamba zima, na magomvi yakarudi Rumonge kwa nguvu. Nilimwuliza kama babu mdogo alilichukua shamba lote. Akasema, "Alikataa. Alisema makaburi ya wale watu yamo ndani."

Hapo nikawakumbuka Wapalestina, maana jambo ni lile lile. Wapo wazee wa Kipalestina ambao hata leo wameweka ufunguo wa nyumba waliyoiacha mwaka 1948. Umoja wa Mataifa ulisema katika Azimio la 194 la Desemba 1948 kwamba wakimbizi wanaotaka kurudi kuishi kwa amani waruhusiwe, na wasiorudi walipwe. Leo walioandikishwa ukimbizi, pamoja na watoto na wajukuu, wanakaribia milioni 6. Israel husema kwamba wakirudi wote, yenyewe haitakuwapo tena. Oslo waliliweka jambo hili kesho. Camp David walilifikia wakashindwa. Sidai kwamba michikichi ya Rumonge itawafundisha namna ya kugawana Yerusalemu. Nasema tu kwamba Arusha jambo la namna hiyo liliandikwa, likapewa tume, na watu wawili wakapata mahali pa kugombania pasipokuwa na panga.

Najua nitaulizwa habari ya 2015, na afadhali nijibu kabla. Ndiyo, Mapatano ya Arusha yalisema rais asitawale zaidi ya vipindi viwili, na Pierre Nkurunziza akagombea cha tatu akidai cha kwanza hakihesabiwi, kwa kuwa alichaguliwa na Bunge. Watu walipigwa risasi barabarani Bujumbura, na mamia ya maelfu wakakimbia, wengi wakaja Kigoma, katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Hayati Rais Benjamin Mkapa alipewa kazi ya kuwapatanisha Arusha tangu 2016, na hakufanikiwa. Mwaka 2018 Katiba ikabadilishwa, kipindi cha urais kikawa miaka saba, na Seneti ikapewa miaka mitano kutazama kama zile hesabu za makabila ziendelee au ziondolewe. Kwa hiyo karatasi inaliwa, na sisi majirani tumetazama inavyoliwa. Lakini angalieni jambo moja: mwaka 2015 walioandamana walikuwa Wahutu kwa Watutsi, na jeshi lililogawanyika halikugawanyika kwa kabila. Wapo waliojaribu kuwasha moto wa kabila na kuni zikawa mbichi. Ni nani aliyezimwagia maji kuni hizo, kama si wale makundi 19?

Naomba mambo mawili, Bwana Mhariri. La kwanza ni kwa maktaba yetu: Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 yachapwe na kuwekwa rafuni, kwa kuwa ni aibu shule ya Tanzania kuwa na picha ya Mwalimu ukutani na isiwe na kazi yake ya mwisho kabatini. Ni marefu, na Kiingereza chake kigumu, lakini Itifaki ya Kwanza hata Kidato cha Pili wataiweza wakisaidiwa. La pili ni kwa bweni letu, nalo linahusu ndoo. Orodha mpya ya zamu imebandikwa mlangoni, na viranja wanaijua sababu.

Chama cha Mdahalo kimekubali hoja irudiwe wiki ya tatu ya muhula ujao, na kila msemaji atapewa karatasi za kusoma wiki mbili mbele. Yule bwana aliyetushinda atasema tena upande ule ule. Nimemwonyesha haya niliyoandika, naye amesema nimemwongezea silaha kwa habari za 2015. Rafiki yangu wa Ulyankulu ameombwa awe mwenyekiti. Hajajibu bado.

Mimi wako,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne